Dawa Ile Ile, Safari Nyingine

Doksorubisini ni dawa nyekundu. Mgonjwa aliyewahi kutundikiwa dripu yake haisahau rangi hiyo, maana hata mkojo wake hutoka mwekundu kwa siku moja au mbili. Asili yake ni bakteria waliopatikana kwenye udongo jirani na ngome kongwe ya Castel del Monte, kusini mwa Italia, wakafanyiwa kazi na watafiti wa kampuni ya Farmitalia ya Milan. Jina lake la biashara, Adriamycin, lilitolewa kwenye bahari ya Adriatiki. Tangu miaka ya 1970 imekuwa miongoni mwa silaha kuu dhidi ya saratani ya matiti, ya tezi za limfu, ya mifupa na ya damu. Lakini ni dawa isiyochagua. Huua seli zinazogawanyika upesi, ziwe za uvimbe, za utumbo, za uboho au za mizizi ya nywele. Nywele huota tena na utumbo hujirekebisha. Moyo ndio wenye shida. Kila dozi huumiza misuli ya moyo kidogo, madhara hayo hujumlishana, na ndiyo sababu madaktari huweka hesabu ya dawa yote ambayo mgonjwa amepata maishani mwake. Hesabu ikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hulazimika kuisimamisha, hata kama uvimbe bado unanywea. Wako waliopona saratani kabisa, kisha miaka kadhaa baadaye wakaugua moyo kwa sababu ya dawa iliyowaponya.

Yechezkel Barenholz, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akihangaika na tatizo hilo. Hakugundua dawa mpya. Molekuli aliyoikuta ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye chupa yake. Alichobadilisha ni namna inavyosafiri mwilini, na zao la kazi hiyo, dawa iitwayo Doxil, liliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1995. Huhesabiwa kuwa dawa ya kwanza ya nano kupata idhini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA. Ninachotetea hapa ni kwamba kubeba dawa ni ugunduzi kamili, wala si kazi ya ufungashaji tu, na kwamba thamani yake ipimwe kwanza kwa viungo ambavyo sumu haikuvigusa, kabla ya kuulizwa iliongeza miezi mingapi ya uhai. Wako wanaolipinga wazo hili, na baadhi ya hoja zao ni nzito kuliko wapenzi wa teknolojia ya nano wanavyokubali.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za Doxil zina upana wa nanomita 80 hadi 100 hivi, wakati chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 au zaidi. Kila chembe ni kifuko cha mafuta kiitwacho liposomu, na ndani yake mna molekuli za doksorubisini zipatazo 10,000 hadi 15,000. Vifuko vya aina hii alivibaini Mwingereza Alec Bangham huko Babraham, karibu na Cambridge, mwanzoni mwa miaka ya 1960: mafuta yanayounda utando wa seli yakitiwa majini hujikunja yenyewe na kufungia maji ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gregory Gregoriadis na wenzake wakapendekeza vifuko hivyo vitumike kubebea dawa. Wazo lilipendwa upesi, pengine upesi mno. Maabara nyingi zilitia dawa ndani ya liposomu, zikatibu panya, zikachapisha matokeo. Panya wengi walipona, na wagonjwa wodini hawakuona tofauti.

Barenholz aliingia kwenye uwanja huu kwa mlango wa pembeni. Alikuwa mtu wa tando za seli, aliyebobea katika mafuta yanayoziunda, hasa sfingomielini. Saratani haikuwa fani yake. Mwaka 1979 alianza kazi hii pamoja na Alberto Gabizon, daktari wa saratani, katika hospitali ya Hadassah, Jerusalem. Liposomu zao za kwanza zilikuwa kubwa kuliko za leo, na dawa ilikaa ndani ya utando wenyewe badala ya kukaa kwenye maji yaliyofungiwa katikati. Kwa panya zilifanya vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 wakazijaribu kwa wagonjwa, na hapo mambo yakaharibika. Liposomu zilipochanganyika na damu nyingi ya mwili wa binadamu, dawa ilichuruzika nje kabla ya kufika popote. Zilizobaki na dawa zilikamatwa na ini na bandama, ambamo mna seli zinazomeza kila kitu kigeni kinachopita. Uvimbe ulipata makombo.

Majaribio hayo yaliyoshindwa ndiyo ninayoyaona kuwa kiini cha habari hii. Ilikuwa rahisi kwa watafiti hao kurudi kwa panya wao, ambao walikuwa wakiwatii, na kuendelea kuchapisha. Badala yake walisoma damu ya wagonjwa na kutoka humo na maswali matatu mahususi: liposomu itapitaje ini bila kukamatwa, dawa itashikwaje isichuruzike njiani, na ikishafika itaachiwaje. Kila swali lilikuwa la fani yake, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa na majibu yote. Hili nalisema kwa makusudi, kwa sababu makala za sayansi hupenda kumjenga shujaa anayefanya kila kitu peke yake usiku wa manane. Barenholz mwenyewe, alipoandika historia ya Doxil mwaka 2012, alieleza kwamba dawa hiyo imesimama juu ya kanuni tatu zisizohusiana, na kwamba pasipo fizikia, kemia na biolojia kuzungumza pamoja isingepatikana.

Swali la kwanza lilijibiwa na wengi. Mwaka 1988 Gabizon, akiwa pamoja na Demetrios Papahadjopoulos huko San Francisco, alionyesha kwamba muundo wa liposomu ukibadilishwa, zinaweza kukaa muda mrefu katika damu na kuingia kwa wingi zaidi kwenye uvimbe. Miaka michache iliyofuata, makundi kadhaa, wakiwemo Theresa Allen nchini Kanada na wanasayansi wa kampuni ya Liposome Technology ya California, yaligundua kinga bora zaidi: polietilini glikoli, polima inayopenda maji. Nyuzi zake husimama juu ya liposomu na kushika maji, hivyo protini za damu ambazo kazi yake ni kumtia alama kila mgeni ili amezwe hukosa pa kushika. Liposomu iliyovikwa polima hiyo hupita kwenye ini mara nyingi kabla ya kukamatwa.

Swali la pili ndilo lililokuwa la Barenholz hasa, na jibu lake lina uzuri wa pekee. Liposomu hutengenezwa zikiwa na chumvi ya amonia salfeti ndani, kisha chumvi iliyobaki nje huondolewa. Amonia huanza kutoroka kupitia utando, na kila inapotoka huacha nyuma haidrojeni yenye chaji, hivyo ndani kunakuwa na asidi. Doksorubisini inapomiminwa nje, molekuli zake zisizo na chaji hupenya utando kwa urahisi. Zikiingia ndani zinapata chaji kutokana na ile asidi, na chenye chaji hakiwezi kupita tena kwenye mafuta. Ni dema la mvuvi: samaki huuona mlango wakati wa kuingia tu. Zaidi ya hapo, doksorubisini iliyonaswa hukutana na salfeti na kuganda kuwa fuwele, na fuwele haivuji. Kwa njia hii zaidi ya asilimia 90 ya dawa huingia ndani ya liposomu na kubaki humo kwa miezi mingi ikiwa kwenye jokofu. Jibu la swali hilo lilikamilishwa na uchaguzi wa mafuta yenyewe. Walichukua fosfatidilikolini ya soya iliyoongezewa haidrojeni, ambayo hailegei mpaka joto lifike nyuzi 53, wakaichanganya na kolestroli. Mwili wa binadamu una nyuzi 37, kwa hiyo utando hubaki mgumu safari nzima.

Matokeo ya kwanza kwa binadamu, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalionyesha jinsi safari ilivyobadilika. Doksorubisini ya kawaida hutoweka kwenye damu ndani ya dakika chache na kuzama kwenye viungo, moyo ukiwemo. Ile ya ndani ya liposomu ilikuwa ikipungua kwa nusu kila baada ya saa 45 hivi. Katika maji yanayojaa kifuani au tumboni kwa sababu ya saratani, kiasi cha dawa kilikuwa mara 4 hadi 16 ya kile kilichopatikana kwa doksorubisini ya kawaida, na kilifikia kilele siku ya tatu hadi ya saba baada ya dripu. Hizo ni tofauti kubwa kwa molekuli ambayo haikubadilishwa hata atomu moja, na kwangu ndiyo hoja ya kwanza ya kuuita ugunduzi. Dawa haijulikani kwa kemia yake peke yake. Hujulikana pia kwa mahali inapofika, kwa muda inaokaa hapo, na kwa mahali isipofika.

Sasa tuje kwa wapinzani. Hoja yao ya kwanza inahusu nadharia ya jinsi chembe hizi zinavyofika kwenye uvimbe. Mwaka 1986 Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa ovyo na ina matundu, na kwamba uvimbe hauna njia nzuri za kutoa majimaji, hivyo chembe kubwa zikivuja kuingia humo hukwama. Kwa miaka 30 maelezo hayo yalikuwa msingi wa karibu kila ombi la fedha za utafiti wa nano dhidi ya saratani. Kisha mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi na kukokotoa kwamba, kwa kipimo cha kati, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa kwa wanyama ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Miaka minne baadaye kundi hilo hilo likaonyesha kwamba, katika uvimbe walioupima, chembe nyingi haziingii kupitia matundu, bali huvushwa na seli za kuta za mishipa zenyewe. Wapo waliosoma takwimu hizo wakasema teknolojia nzima ni hadithi.

Nadhani wanauliza nusu ya swali. Asilimia 0.7 ni ndogo, kweli, na inapasa kuwanyamazisha wanaochora chembe za nano kama makombora yanayoitafuta saratani na kuilenga. Lakini hakuna dawa ya dripu inayoingia yote kwenye uvimbe; doksorubisini tupu nayo husambaa mwili mzima. Linalofaa kuulizwa ni hizo asilimia 99 nyingine zimekwenda wapi. Za doksorubisini tupu huingia kwa wingi kwenye misuli ya moyo. Za Doxil hubaki zimefungwa ndani ya damu, kisha taratibu huishia kwenye ini na bandama, kwa sababu mishipa ya moyo wenye afya haina nafasi ya kupitisha kitu chenye upana wa nanomita 100. Kuhusu namna dawa inavyotoka ndani ya liposomu ikishafika kwenye uvimbe, yaani lile swali la tatu, Barenholz hakudai kujua: mwaka 2012, miaka 17 baada ya idhini, aliandika kwamba njia hiyo bado haijulikani. Baadaye yeye na mwenzake walipendekeza kwamba amonia inayozalishwa na seli za saratani zinapotumia glutamini ndiyo inayoivuruga ile hali ya ndani ya kifuko na kuachia dawa. Mwanasayansi anayeendelea kuihoji dawa iliyokwisha kumpatia sifa ni mtu wa kumwamini.

Hoja ya pili inauma zaidi. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, nusu wakipewa doksorubisini ya liposomu na nusu ile ya kawaida. Ugonjwa ulitulia kwa miezi 6.9 kwa kundi la kwanza na miezi 7.8 kwa la pili. Muda wa kuishi ulikuwa miezi 21 kwa 22. Kwa maneno mengine, kifuko kile cha ajabu hakikuwaongezea wanawake hao maisha. Uchambuzi uliofuata, uliojumlisha tafiti nyingi za dawa za liposomu za aina mbalimbali, nao haukuona kwamba zinaua saratani vizuri kuliko dawa tupu. Mtu anayelipia matibabu ana haki ya kuuliza: basi fedha yangu imenunua nini?

Imenunua moyo. Katika utafiti huo huo hatari ya madhara ya moyo kwa waliopata dawa ya kawaida ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wenzao. Walionyonyoka nywele walikuwa asilimia 66 kwa dawa ya kawaida na 20 kwa ya liposomu. Waliotapika, 31 kwa 19. Ugonjwa usiotarajiwa kupona hugeuza maana ya takwimu hizi. Miezi 21 ya mtu anayepanda ngazi bila kuhema haiwezi kulinganishwa na miezi 21 ya mtu ambaye moyo wake unaelemewa, na jedwali linaloandika namba moja kwa wote wawili limeacha nje jambo ambalo mgonjwa angelitaja kwanza. Hata hivyo biashara hii si ya faida tupu. Asilimia 48 ya waliopata dawa ya liposomu walipata wekundu, maumivu na kubanduka ngozi viganjani na nyayoni, dhidi ya asilimia 2 ya wengine. Wapo pia wanaopata mshtuko ndani ya dakika za kwanza za dripu, kwa sababu mfumo wa kinga huzitambua liposomu kama adui. Barenholz alilichunguza tatizo hilo pamoja na Janos Szebeni wa Hungaria, na ndiyo sababu dozi ya kwanza hutiririshwa polepole sana. Madhara yamehama kutoka kwenye moyo kwenda kwenye ngozi. Kwa mkulima au fundi wa mikono hilo si jambo dogo, ila kiganja hupona dozi ikipunguzwa au ikicheleweshwa, na moyo mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Kuna ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao ndani yake dawa hii haikuishia kupunguza madhara, bali ilipiga saratani vizuri zaidi, na ni ugonjwa unaotuhusu. Idhini ya Novemba 1995 haikuwa ya saratani ya matiti. Ilikuwa ya Kaposi sakoma kwa wagonjwa wa UKIMWI. Saratani hii, iliyoelezwa kwanza na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, hutokana na seli za kuta za mishipa, na uvimbe wake umejaa mishipa iliyofumwa ovyo inayovuja. Yaani ule uvimbe ambao nadharia ya Maeda iliuchora kwa jumla, hapa upo kweli. Vipande vya uvimbe vilivyopimwa saa 72 baada ya dripu vilikuwa na doksorubisini mara 5 hadi 11 ya ile iliyopatikana kwa dawa ya kawaida. Tafiti mbili zilizofanywa kabla ARV hazijawafikia wengi, na kuchapishwa mwaka 1998, zilitoa jibu lililo wazi. Katika moja, wagonjwa ambao uvimbe wao ulipungua walikuwa asilimia 46 kwa Doxil na 25 kwa mchanganyiko wa dawa tatu, ambao doksorubisini ya kawaida ilikuwa mojawapo. Katika nyingine walikuwa 59 kwa 23, dhidi ya bleomisini na vinkristini.

Bleomisini na vinkristini ni majina yanayofahamika sana katika wodi za saratani za Afrika Mashariki, kwa sababu kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa tiba ya kawaida ya Kaposi huku. Kwetu ugonjwa huu ulitangulia UKIMWI. Tayari katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Uganda na mashariki ya Kongo walikuwa wakiuona kwa wingi kiasi kwamba mkutano wa kimataifa juu yake ulifanyika Kampala mwaka 1961, na miaka sita baadaye, ilipoanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotibiwa hapo. VVU vikauzidisha. Mwaka 2020 ulimwenguni kulikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 34,000, na karibu robo tatu yao walikuwa Afrika. Kwa hiyo dawa iliyobuniwa Jerusalem na kukamilishwa California, ambayo ugonjwa unaoifaa kuliko wote umejazana Afrika, imetumika zaidi Marekani na Ulaya, na huko siku hizi hasa kwa saratani ya mfuko wa mayai.

Sababu inayotajwa kila mara ni bei, na bei yenyewe ina sababu. Kutengeneza doksorubisini ni kutengeneza molekuli; kutengeneza Doxil ni kupanga mabilioni ya vifuko vyenye upana ule ule, unene ule ule wa polima na fuwele ile ile ndani. Kosa dogo hugeuza tabia ya dawa mwilini. Mwaka 2011 kiwanda kimoja tu huko Ohio kilichokuwa kikiitengeneza kiliposimamisha kazi kwa matatizo ya ubora, wagonjwa wa Marekani yenyewe walikosa dawa, na Februari 2012 FDA ikaruhusu toleo la kampuni ya Sun ya India liingizwe kwa dharura. Hataza zilikuwa zimekwisha tangu 2010, lakini toleo la jeneriki halikupata idhini kamili Marekani mpaka Februari 2013. Barenholz alikuwa amelitaja hilo kwa mshangao: faida ni kubwa, ulinzi wa kisheria umekwisha, na bado hakuna aliyeweza kunakili. Kwa wanaodhani kubeba dawa ni ufungashaji tu, hii ndiyo hoja ya kuwajibu. Kifungashio kingenakiliwa kwa wiki moja.

Mpinzani wa mwisho ni daktari wa kwetu, naye hasemi kwa ushabiki. Atasema kwamba paklitakseli, dawa nyingine ya kemotherapi, ipo, ni ya bei nafuu, na inafanya kazi. Ni kweli. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa Kaposi iliyokomaa, wagonjwa waliopata paklitakseli pamoja na ARV na ambao ugonjwa wao haukuwa umeendelea baada ya wiki 48 walikuwa asilimia 64, dhidi ya 44 kwa bleomisini na vinkristini. Penye paklitakseli hakuna tena sababu ya kumpa mgonjwa mchanganyiko ule wa zamani kama chaguo la kwanza. Lakini utafiti huo haukuijumuisha doksorubisini ya liposomu, kwa hiyo hauwezi kutumiwa kuikataa. Ulinganisho wa moja kwa moja uliofanywa Marekani, wa wagonjwa 73, uliona nguvu za dawa hizo mbili zikikaribiana na madhara makali yakiwa machache zaidi kwa ya liposomu. Paklitakseli hutiririshwa kwa saa tatu na hutanguliziwa steroidi ili kuzuia mzio, na steroidi zinajulikana kuwa zinaweza kuichochea Kaposi. Dripu ya liposomu humalizika ndani ya saa moja au chini yake na haihitaji steroidi. Katika hospitali yenye viti vichache vya kemotherapi na foleni ndefu, saa mbili zilizookolewa kwa kila mgonjwa nazo ni fedha, ingawa hazionekani kwenye ankara ya dawa.

Kwa kupita tu, niseme kwamba uzao wa kazi hii haukuishia kwenye saratani. Dawa ya Onpattro iliyoidhinishwa mwaka 2018, na chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19 ambazo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki walidungwa, hutumia chembe za mafuta zenye polima ya ukoo ule ule. Wengi waliopokea chanjo hizo walipokea teknolojia ya kubeba dawa bila kujua ina historia ya miaka 60.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza doksorubisini ya liposomu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi sakoma. Orodha hiyo haimlazimishi mtu, ila inaondoa kisingizio. Hataza zimekwisha na watengenezaji wa jeneriki wapo zaidi ya mmoja. Serikali za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao zikinunua kwa pamoja zitakuwa na sauti ambayo hospitali moja moja haina. Wanaopanga orodha za taifa na vifurushi vya bima ya afya wasiilinganishe chupa kwa chupa na dawa tupu. Wahesabu pia vipimo vya moyo, siku za kulazwa na wagonjwa wanaokatisha tiba kwa kuchoka nayo. Na msomaji asiyehusika na manunuzi ana lake la kufanya. Madoa meusi, ya zambarau au ya kahawia yasiyouma, yaliyotokea miguuni, usoni au kwenye kaakaa la kinywa, pamoja na mguu unaovimba bila sababu, yanataka kupimwa mapema, na VVU vipimwe siku hiyo hiyo. Kaposi inayogunduliwa ikiwa changa mara nyingi hunywea kwa ARV peke yake, na hizo hutolewa bure.